Dishon Obara, Aliyetupa Kipande Ziwani

Mchungaji, wazee, mama zetu, majirani na ninyi mliotoka mbali, poleni na safari na asanteni kwa kufika leo Jumamosi, tarehe 28 Agosti 1999. Familia imenituma mimi Tony, mtoto wa Leonida dada ya marehemu, niwasomee maisha ya Mzee Dishon Obara Nyangweso, na mwenyewe aliagiza akiwa hai kwamba yasomwe yote, mazuri na yale mengine, kwa hivyo mtu asinivute koti nikiwa katikati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 karibu na Rodi Kopany, Homa Bay, mtoto wa tatu wa Mzee Nyangweso na Mama Zilpah, na mwaka 1951 baba yake, akitafuta shamba, aliihamishia familia huku Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania, ambako walionyeshwa mahali pa kujenga na jirani Mkuria, baba yake Mzee Nyamhanga tuliye naye hapa. Alisoma shule ya misheni kutoka 1947 hadi 1954, akafika darasa la nane, na mwandiko wake mzuri ukamfungulia mlango, akawa karani wa soko mwaka 1956, kisha tarehe 1 Julai 1974 akateuliwa naibu wa chifu wa kata ndogo yetu, kazi aliyoifanya miaka kumi na saba.

Tarehe 9 Desemba 1961 alifunga ndoa na Mama Pauline, binti wa wavuvi wa Mbita, wakajaliwa watoto watatu, Bonface anayeendesha lori la miwa kule Awendo, Scovia aliyeolewa Homa Bay, na kitinda mimba wao Valary, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1979.

Kuhusu kazi yake hatutaficha, kwa sababu nusu yenu mliionja. Alipenda sheria kuliko chakula, na siku za kuandikisha vitambulisho aliketi mezani na kumwuliza kila mtu baba yake amezikwa wapi, na aliyesitasita aliambiwa ni wa ng'ambo, arudi Tanzania. Mwaka 1983 alimkataa hata Nyamhanga, aliyekuwa amepoteza kitambulisho na kutaka kingine, ilhali kaburi la baba yake Nyamhanga lilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini. Nyamhanga alikaa miaka miwili bila kipande, na kazi aliyoahidiwa Awendo ikachukuliwa na mwingine.

Tarehe 18 Agosti 1991, akiwa Mbita kwa wakwe, marehemu alisikia mahubiri yaliyomchoma, kwamba aliyekombolewa kwa damu ya Yesu hana bwana mwingine duniani, si chifu, si DO wa tarafa, si DC wa wilaya, akaokoka, akabatizwa ziwani, na kabla hajatoka majini akatoa kitambulisho chake mfukoni na kukitupa mbali kadiri mkono ulivyoweza. Mama Pauline, aliyekuwa amemshikia viatu, alimwuliza, "Baba Bonface, ni Yesu amekuambia utupe kipande, ama ni wewe umejiambia?" Wiki iliyofuata alirudisha kofia, sare na fimbo ofisini, na kuanzia hapo hakwenda baraza la chifu wala hakupiga kura mwaka 1992. Alikuwa na raha, alilima mahindi yake akiimba, na wale aliowasumbua walimtazama wakasema, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Tarehe 6 Aprili 1995 Mama Pauline alifariki kwa presha, na kitambulisho chake kikarudishwa serikalini kama inavyotakiwa. Ndipo maji yakazidi unga, kwa maana Valary alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, akaitwa chuo cha ualimu, afike tarehe 12 Mei 1997 akiwa ameandikishwa kitambulisho au aisahau nafasi, na karani wa vitambulisho akamwambia kwamba huku mpakani haandikishwi mtu bila kitambulisho cha mzazi, cha kaka hakitoshi. Mama hayuko, baba hana. Mzee alisema tuombe, wakaomba siku tatu, na siku ya nne Valary akamwambia kwa upole, "Baba, wewe umekombolewa, mimi bado niko foleni." Siku hiyo mzee hakula.

Jumatano, tarehe 23 Aprili, alivaa koti lake la kanisani akapanga foleni na Valary nyuma ya vijana, jua la saa sita likimpiga, na alipofika mezani akakuta mmoja wa wazee walioteuliwa kuthibitisha wenyeji ni Nyamhanga. Alituambia baadaye alijua kwamba neno moja la Nyamhanga lingetosha kumrudisha Valary nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Akavua kofia, akasema mbele ya watu, "Nyamhanga, mimi nilikufukuza kwa hii meza. Nilikukosea. Ukinikataa leo sitalalamika, lakini mtoto hana makosa." Nyamhanga akamgeukia karani, akasema, "Baba ya huyu alijenga kwa shamba la baba yangu. Namjua. Andika mtoto, kisha andika na mzee."

Marehemu akatia vidole vyote kumi kwenye wino. Wenzake kanisani walimwambia amerudi Misri, naye akawajibu kwamba alidhani Yesu alimkomboa kutoka kwa serikali, kumbe alimkomboa kutoka kwa yule Dishon wa mezani, ambaye alikuwa mbaya kuliko DC. Kura hakupiga hata hivyo, mkaidi ni mkaidi. Valary alifika chuoni siku ile ile aliyoitwa, na mwezi uliopita amemaliza masomo.

Mnamo Novemba 1998 mzee alianza kupata shida ya kumeza, akapimwa Homa Bay, ikaonekana ni kansa ya koo, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena Juni, na Alhamisi tarehe 19 Agosti 1999, saa nne asubuhi, alituacha Valary akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika wiki nzima, wenzake wa zamani kazini, waumini wa kanisa lake, hata mliomlaumu, na Mzee Nyamhanga, ambaye vijana wake ndio waliochimba kaburi hili.

Kwa desturi yetu, hapa huulizwa kama kuna anayemdai marehemu. Yeye alitutajia watu kumi na mmoja aliowanyima vitambulisho akijua ni wenyeji, akawatuma Bonface na Scovia wawatafute, na tisa walikuja wakakaa naye, akawaomba msamaha mmoja mmoja. Wa kumi tulisikia amefariki. Aliyebaki ni mama anayeitwa Nyanchoka, aliyekuja mwaka 1986 akiwa na mtoto mgongoni, akaulizwa mbele ya watu baba yake ni nani, akalia, akaondoka. Mama, kama uko hapa, tafadhali sogea mbele, Valary atakupokea, maneno ya kukuomba msamaha amepewa na baba yake, na jeneza hatutaliteremsha kabla ya kukungojea kidogo.

Nawe Jaduong' Obara, mzee wetu, pumzika kwa amani, deni hili lililobaki tumelichukua sisi.