Mzee Mikdad Mbaruku, Aliyeifungua Sheli ya Kerege Mara Mbili

Marehemu Mzee Mikdad Mbaruku Salumu alizaliwa Miono, wilayani Bagamoyo, siku ya Ijumaa tarehe 3 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Mbaruku Salumu, mkulima wa mihogo na korosho, na Bi. Mwanabaraka, msusi wa mikeka. Nyumba yao ilikuwa na kibatari kimoja kilichohamishwa chumba hadi chumba, na aliyekibeba ni Mikdad. Mama yake alipenda kusema kwamba mwanawe alijua kubeba moto kabla ya kujua kuvaa suruali.

Alisoma madrasa na shule ya msingi palepale Miono, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu zilimtesa mpaka mwalimu alipoacha kumuuliza habari za machungwa na kumuuliza habari za vyombo. "Pipa lina madebe kumi ya mafuta," mwalimu alisema, "limetoboka, kila saa linavuja debe moja. Baada ya saa sita yamebaki madebe mangapi?" Mikdad alisimama. "Mwalimu, mimi nimeshaliziba tundu. Yamebaki yote." Darasa lilicheka. Mwalimu alimwambia kwamba mtihani hataushinda, lakini njaa hataijua.

Mwaka 1979 alishuka Bagamoyo mjini na kuajiriwa katika duka la Mzee Murtaza, kuuza mafuta ya taa kutoka kwenye pipa. Mzee Murtaza hakuwa msemaji, na maneno machache aliyokuwa nayo aliyatumia kwa chupa. "Mikidadi, futa chupa ya mteja. Mkono wake ukinuka, atakulaani mpaka kwake." Hapo marehemu alijifunza kujaza hadi shingoni, kufuta chupa, kusalimia kwa Kigujarati, na zaidi ya yote kuogopa moto. Alinyang'anya sigara midomoni mwa wateja bila kuuliza wao ni nani. Mmoja alikuwa askari, tena mwenye sare. Marehemu alikaa kituoni siku nzima, na alipotoka alimkuta yule askari dukani, ananunua mafuta, hana sigara.

Tarehe 12 Aprili 1986 alimuoa Bi. Sada binti Khamis wa Kerege. Haikuwa rahisi. Alipokwenda kuposa alijisugua kwa limau, akajipaka mafuta ya karafuu, akavaa kanzu mpya. Baba mkwe, Mzee Khamis, alimpokea vizuri, akamkaribisha mkekani, kisha akaanza kuangaza pembe za chumba. "Mama Sada, hebu tazama, taa imemwagika wapi?" Kijana wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze. Baadaye baba alimwita binti yake amuulize kama kweli ataweza kuishi na harufu ile. Bi. Sada akajibu, "Baba, harufu inaoga. Uvivu hauogi." Ndoa ikafungwa. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu: Najma, Khamis na Twalib.

Baada ya miaka ya kuuza kwa chupa, marehemu alianza kuuza kwa dumu. Alipata pikapu kuukuu, akawa anapeleka petroli ya mashine za boti kwa wavuvi wa Saadani. Huko walimwambia kwamba kwanza huja harufu, halafu mlio wa pikapu, halafu yeye mwenyewe, anaisukuma. Lakini shabaha yake ilikuwa nyingine. Alitaka sheli. Si banda lenye madumu, bali sheli yenye pampu, paa refu na taa, kando ya barabara ya Dar es Salaam, ambayo gari likiingia dereva haulizi kama kuna mafuta. Mwaka 2003 alipata kiwanja Kerege. Alichimba, akasubiri, akajenga, akasubiri tena. Ilimchukua miaka kumi na moja. Kitu cha mwisho kilichobaki ni leseni, nayo ilikuwa ije mkononi mwa mkaguzi kutoka Dar es Salaam, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2014, siku ya ufunguzi.

Yaliyotokea siku ile yamesimuliwa kwa namna nyingi, hata na watu ambao hawakuwapo. Familia imeomba yasomwe kama yalivyokuwa.

Maturubai yalikuwa yamefungwa, pilau imeiva, maalim amekwisha kuwasili. Matangi yalijazwa siku mbili kabla. Mkaguzi, kijana mnene mwenye adabu, alikuwa amefunua mfuniko wa tangi na anatumbukiza ufito wa kupimia kina. Mzee Mikdad akatazama huku na huku, akaona kuna pungufu. Nyumba haifunguliwi bila kufukizwa. Akaagiza chetezo na makaa kwa jirani, akatia ubani, akaanza kuizunguka sheli yake pampu kwa pampu, akipuliza makaa yakolee, huku akimswalia Mtume.

Huyu ndiye mtu aliyemnyang'anya sigara askari. Watu wamejiuliza miaka yote ilikuwaje. Jibu ni jepesi: kwake yeye ubani haukuwa moto. Ubani ulikuwa dua.

Mkaguzi aliinua uso, akaona chetezo kinamjia.

"Mzee! Hicho nini?"

"Ubani, mwanangu. Sogea ujifukize."

Mkaguzi aliacha ufito, akaacha kiatu kimoja, akatimua mbio huku anapiga mayowe na kurusha mikono. Sasa, kwetu mtu akifikiwa na ubani akapiga mayowe, hatuhitaji kuambiwa. "Kapandisha!" walisema kina mama. Bi. Mwaija, dada mkubwa wa marehemu, ambaye yupo hapa na ameruhusu lisomwe, ni mjuzi wa mambo ya mashetani. Alimdaka mkaguzi kiunoni, akamkalisha kwenye mkeka, akamfunika kanga.

"Taratibu, bwana mkubwa, taratibu. Sema, unataka nini?"

"Nataka kile kitu kiondolewe!"

"Kitaondolewa. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam! Serikalini!"

Bi. Mwaija aliwageukia wenzake. "Wa serikali huyu. Hawa wazito. Leteni maji ya waridi."

Aliyeelewa ni Bi. Sada peke yake. Aliruka mikeka miwili, akampokonya mumewe chetezo, akakitumbukiza kwenye ndoo ya sharubati ya ukwaju. Kikalia chwaa. Mzee Mikdad akabaki amesimama mikono mitupu kando ya tangi lililo wazi. Waliomjua wanasema hapo ndipo alipouona moto. Alikaa chini na kuhesabu kwa macho watu wote waliokuwa chini ya turubai. Wanawe wote watatu walikuwamo.

Mkaguzi alipofunuliwa kanga alitafuta kiatu chake, akakataa pilau, akaondoka na leseni.

Sheli ikakaa miezi saba imefungwa kwa kamba, mafuta yamo chini, taa hazijawahi kuwaka. Kila asubuhi Mzee Mikdad alifika, akaketi kwenye kiti ndani ya kamba. Gari likipunguza mwendo alisimama na kusema, "Bado, ndugu yangu. Samahani." Watu walimshauri atafute mtu wa kumpitishia mlango wa nyuma, au adai kwamba mkaguzi alikuwa na shetani kweli, mashahidi wapo. Alikataa yote mawili. "Yule kijana alikimbia kwa sababu ana akili," alisema. "Mimi nilibaki kwa sababu sina."

Alimfuata mkaguzi ofisini kwake mara nyingi mno. Hatimaye yule kijana alimwambia, "Mzee wangu, shikamoo, lakini mimi nikifumba macho nakiona kile chetezo."

"Marahaba. Na mimi nakiona. Basi nifundishe."

Akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu aliketi darasani na vijana waliomwita babu, akajifunza habari za moto tangu mwanzo. Kwenye mtihani aliulizwa vitu gani haviruhusiwi kituoni. Aliandika: sigara, kibiriti, jiko, ubani, udi, hata kama aliyeshika ni shehe, hata kama mwenye sheli amesema ruhusa. Mkaguzi aliposoma jibu hilo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaipiga mhuri leseni.

Sheli ilifunguliwa mara ya pili tarehe 20 Januari 2015, siku ya Jumanne, bila maturubai. Dua ilisomwa ng'ambo ya barabara, bila kaa hata moja. Marehemu aliapa kwamba haitafungwa tena hata siku moja, nayo haikufungwa. Sikukuu ya Idi aliswali, akala, akarudi kwenye pampu. Kwenye harusi ya Najma, iliyofanyika jirani na sheli ili isifungwe, pilau ilipikwa mbali kiasi kwamba ililiwa ya baridi, na bibi harusi alimnunia baba yake juma zima.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Dar es Salaam, ambako aliwauliza wauguzi kila zamu mitungi yao ya gesi ilikaguliwa lini, mpaka wakamwandikia tarehe na kuibandika ukutani mbele yake. Aliporudi nyumbani kwa mara ya mwisho aliwaita wanawe. "Siku yangu ikifika, msiifunge."

Alifariki dunia nyumbani kwake Kerege, Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, baada ya swala ya alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana jioni kulikuwa na mabishano ya kifamilia. Khamis alisema mila ni mila, mwenye duka akifa duka hufungwa, watu watasema hatukumpenda baba. Bi. Sada alimsikiliza mpaka mwisho. "Watasema, mwanangu," alijibu. "Watasema huku wanajaza."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Sada, watoto, Najma, Khamis na Twalib, wajukuu saba, na dada, Bi. Mwaija. Ashatu, mfanyakazi wa kwanza wa pampu, aliyesubiri naye miezi saba nje ya kamba, ameomba jina lake lisomwe pamoja na wafiwa. Hayupo hapa. Asubuhi alilia, akanawa uso, akaenda kazini. Waliokuja kwa magari wamemwona.

Mola ampokee mja wake Mikdad kwa wema, amsamehe alipokosea, na ampe mapumziko ambayo hapa duniani hakuyataka.