Kifurushi cha Mbalaga

Basi lilipotoka Tukuyu, Siwema muuza khanga alijifanya anatazama mashamba ya chai, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele. Hezron, bwana afya, alikuwa akimsimulia bibi mmoja asiyemjua jinsi anavyozunguka vijiji vya ujamaa na picha za vyakula, akifundisha watu kula vizuri.

"Na wewe leo umekula nini, mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Chai ya rangi tu, mama. Vijiji ni vingi, nafasi sina."

Hizo picha angalau zimeshiba, Siwema akawaza.

Bibi akampa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba, ndani yake ndizi za kupikwa, mbalaga, na maharage, bado vya moto. Hezron akakipokea kwa mikono miwili, akishukuru. "Ndaga, mama. Nitakula nikifika."

Bibi akageukia dirisha. "Mwanangu Ackson aliendesha lori la kahawa. Naye alisema hivyo kila nilipomfungia. Vidonda vya tumbo vilimmaliza safarini. Nilirudishiwa nguo zake na kifurushi, hata kamba hakuwa ameifungua."

Siwema akasahau kutazama chai.

Basi likasimama Masoko. Wanakijiji walikuwa wakimngoja Hezron, wakimpungia mikono aharakishe. Akateremka na picha zake kwapani, kifurushi mkononi. Bibi hakumtazama usoni. Aliitazama ile kamba ya kifurushi, bado imefungwa.