Viwavi wa Muhogo Mchungu

Sogeeni, wanangu, na huyo anayepumua nyuma ya makuti aingie akae na wenzake, kwa maana sitasema mara mbili.

Kuna jambo limenishinda maisha yangu yote. Muhogo mtamu tumeupanda ukingoni mwa shamba hili, mtoto anautafuna mbichi. Mchungu uko katikati, na maji yake yaliwahi kuua mbwa wawili wa baba yenu. Lakini kiwavi mwenye pembe mkiani akija, anaupita ule mtamu na kwenda moja kwa moja kwenye sumu, anakula, ananenepa. Nimechuchumaa mbele yake tangu usichana na sijajua kwa nini. Nadhani tu kwamba hao wawili wameviziana tangu zamani sana: mmea ukiongeza ukali, mdudu anajifunza kuustahimili, mmea unaongeza tena, mpaka kila mmoja amekuwa vile alivyo kwa sababu ya mwenzake. Mimi na mkwe wangu Ercília tumeishi hivyo hivyo.

Marehemu ndugu yenu Firmino alipomwoa huko kwa kabila lake la Wadesana, juu mtoni, Ercília alishuka mtumbwini na kikapu cha pingili za muhogo wa mama yake, kama mimi nami nilivyoletwa hapa na pingili za mama yangu. Haukupita mwaka, viwavi wakalimaliza shamba langu, yakabaki mashina matupu. Lake, ng'ambo ya kijito, waliligusa tu. Otília, mkwe wangu, ni wewe uliyesema, mkono kiunoni, "Viwavi wa mwenzetu wana adabu kweli! Wanashiba kwa mama mkwe kwanza." Watu wakacheka. Ercília hakuinua macho kutoka kwenye muhogo aliokuwa akiukuna. Akasema, "Ningekuwa na uwezo wa kuwatuma, ningeanza na ulimi wako."

Tangu siku hiyo sikumwamini. Mchuzi wake wa samaki na pilipili niliula baada ya yeye kuula. Alipochemsha maji ya muhogo, nilikaa jikoni mpaka nihakikishe yamechemka barabara. Akienda msituni, nilitazama alivyoondoka navyo na alivyorudi navyo. Zaidi ya miaka thelathini, wanangu, na sikumkuta na kitu.

Sasa sikilizeni nililowaficha. Mwaka ule ule nilitia viwavi wa shamba langu katika vibuyu viwili. Kimoja nikakitilia majani yangu, kingine majani ya Ercília. Nilitaka wayashambulie majani yake kwa uchu, ili niwaoneshe wanaume kwamba wamemtambua mama yao. Hawakuyashambulia. Waliyagusa, wakageuka, wakatambaa kutafuta pa kutokea, na siku ya nne walikuwa wamekufa. Wale wa majani yangu walinona. Basi hawakuwa wa Ercília. Walikuwa wangu, waliozoea sumu ya mama yangu, na huenda walisafiri nami katika kikapu changu siku nilipoolewa.

Nikavitupa vibuyu mtoni nikanyamaza. Kumshuku mtu kuna raha yake; unajiona wewe ndiye mwenye macho.

Ngojeni... nipumue.

Mwaka huu viwavi wamerudi, na nyinyi mmekwisha kukubaliana Ercília arudishwe kwao, mjane asiye na mama wala nyumba huko. Higino, mwanangu, umeuziba mtumbwi kwa lami tangu juzi. Mlidhani nimelala. Sisemi kwamba nampenda. Hata uji wa leo nilimwambia auonje kwanza, akauonja, akanitazama kwa jicho lake lile lile. Huenda ana mengine. Moyo wa mtu sijawahi kuufungua nikaona ndani. Lakini hili la viwavi si lake, na nikifa bila kulisema mtamfukuza kwa kosa langu.

Kwa hiyo hapandi mtumbwi. Shamba langu hili sasa ni lake. Pingili zangu na zake zichanganywe, mstari wangu, mstari wake, ili kiwavi akimaliza shina moja akutane na jingine geni kwake. Na atakayezikata ni Otília.

"Mimi, mama? Na mgongo huu?"

Mgongo huo huo. Ulimi ulifanya kazi yake, sasa mikono. Chukua panga.

Higino, nenda na huo mtumbwi ukavue samaki, watu wapate kula. Msigombanie kitanda changu cha wavu, nizikwe nacho. Waliotutangulia wawape mvua ya wakati wake, wawape mikate mikubwa ya muhogo juu ya kikaango cha udongo... wawape watoto wenye... wenye maneno machache.

Nisogezeni nione. Otília anakata. Anakata kwa hasira, vipande virefu mno, lakini anakata. Ercília yuko nyuma yake, ameinama... anapanda.