Clement Musyimi Kitheka: Beki Aliyeomba Asihamishwe Tena

Ndugu, jamaa na marafiki, naomba tuzime simu. Mimi ni Dinah, dada mkubwa wa marehemu. Kazi yangu ni kutunza wazee hapa hapa Barking, na sauti yangu mnaijua, haihitaji kipaza. Tangu msiba huu utupate, karibu kila aliyekuja kutupa pole ameniuliza swali moja: kwa nini Clement anazikwa hapa London, wala si Mwala, Machakos, kando ya baba yake, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka? Wengine mmeuliza kwa heshima. Wengine mmenong'ona jikoni kwangu mkila chapati zangu, nami nikawasikia. Hata mama yetu, aliyeketi hapa mbele, alipanda ndege Nairobi akiwa na nia moja tu, kumchukua mwanawe arudi naye. Jibu nitalitoa. Lakini limo ndani ya maisha yake, kwa hiyo nitaanzia mwanzo.

Clement Musyimi Kitheka alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Forest Gate, mashariki mwa London. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Josphat Kitheka, dereva wa basi, na Mama Adelina Mwende, ambaye sisi wanawe humwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba. Alizaliwa mkubwa ajabu, na Mwaitu husema kichwa ndicho kilichomtesa. Tulilelewa hapa Barking, ghorofa ya tatu. Wazazi waligombana kwa Kikamba na kututuma kwa Kiswahili, naye Clement akawajibu kwa Kiingereza tangu alipojua kusema. Kila neno alilielewa. Kulitamka ndiko hakutaka, na Mwaitu alichoka kumkanya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akaingia sekondari mwaka 1987. Masomoni hakuwa mbumbumbu wala hodari, alikuwa mtoto wa kutazama dirishani. Nje ya dirisha kulikuwa na uwanja. Alipofika miaka kumi na sita, klabu moja ya Essex ilimchukua kujifunza kazi ya mpira, na kazi yenyewe ilianza kwa kusugua viatu vya wachezaji wakubwa. Baba alikasirika. "Nimekusomesha miaka yote hii ukasugue viatu vya watu?" Lakini Jumamosi ya mechi baba alibadilishana zamu na mwenzake, akaenda kusimama nyuma ya goli na sare yake ya udereva. Clement alisema alimwona, akajifanya hakumwona.

Alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa mwaka 1994, akiwa na miaka kumi na minane, na ya mwisho mwezi wa Mei 2011. Alikuwa beki wa kati. Wale mnaojikuna vichwa mkijaribu kumkumbuka kwenye televisheni, msijisumbue, hakuonyeshwa. Alicheza ligi za chini, katika viwanja vya baridi na mabanda ya mabati, kule Lincoln, Darlington, Torquay, Carlisle, na kwingine ambako mimi sikuwahi kufika na wala sitafika. Kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa kichwa. Kila mpira mrefu ulioshuka langoni kwao ulikuwa wake, kwenye mechi na kwenye mazoezi, mvua ikimnyeshea. Mashabiki walimpenda kwa hilo. Aliuokoa mpira na kichwa hakikurudi nyuma hata mara moja.

Klabu hazikumweka. Alihamishwa mara kumi na moja. Mara nyingine walimuuza, mara nyingine mkataba uliisha wakamwacha, mara nyingine wakampeleka mahali kwa mkopo. Mwaitu aliposikia neno hilo alinipigia simu kazini. "Dinah, mtoto wangu anakopeshwa? Kama jembe?" Nilimweleza kwamba ndivyo kazi yao ilivyo. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Meneja alikuwa anamwita ofisini Jumatatu, na Jumanne Clement yuko kwenye treni na begi lake. Hakubishana. Aliuliza neno moja tu, na wachezaji wenzake waliniambia walikuwa wakimtania kwalo: "Kwa muda gani?" Mwezi mmoja, wanamwambia. Au hadi Krismasi. Au tutaona. Kwa hiyo begi hakulifungua. Lilikaa kando ya mlango, akichomoa shati, akirudisha shati.

Kisa kimoja alikisimulia yeye mwenyewe akicheka hadi machozi. Klabu moja ilimuuza Jumanne, na Jumamosi ileile timu yake mpya ikaja kucheza katika uwanja wa ile ya zamani. Clement akashuka kwenye basi, akapita korido aliyoizoea, akaingia chumba cha kubadilishia nguo cha wenyeji, akaketi mahali pake pa siku zote, akaanza kuvua viatu. Wenzake wa zamani wakaendelea kuvaa jezi, hakuna aliyetaka kumaliza utamu. Mwishowe mzee mtunza jezi akaja na kikombe cha chai, akamwambia taratibu, "Clem, mwanangu, si tulikuuza?" Akainywa ile chai hapo hapo, kisha akachukua viatu vyake mkononi na kwenda kwa wapinzani. Walitoka sare ya bila kufungana.

Mke alimpata dukani. Mzee Praful, ambaye wengi wenu mmenunua unga kwake, alitoka Kisumu miaka ya sabini, na Kiswahili chake bado kina vumbi la Kisumu. Clement aliingia kununua mkate, mzee akamsalimia, kijana akajibu Kiingereza. Mzee akaweka mkate chini. "Wewe Mkamba wa wapi? Mimi Mhindi nakuamkia, wewe unanijibu kizungu? Lo! Rudi ukaingie tena." Clement akatoka nje, akaingia tena, akasema "Shikamoo." Binti aliyekuwa kwenye kaunta alicheka sana. Ndiye Ushma. Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 2006, wakala pilau ya kwetu na mithai ya kwao. Mwaka 2008 Mungu akawajalia mtoto wa kike, wakamwita Mwende kwa jina la nyanya yake, kama ipasavyo. Ushma alikataa katakata kuzungushwa na klabu. "Mimi na mtoto tuko Barking," alimwambia. "Wewe zunguka, ukichoka unajua mlango."

Wazazi wetu walikuwa wamerudi Mwala mwaka 2001. Baba alipofariki mwaka 2009 tulikwenda sote kumzika, na baada ya mazishi Mwaitu alimshika Clement mkono, akamwonyesha ardhi iliyo upande wa kulia wa kaburi la baba. "Hapa ni pako," alimwambia. Clement aliitikia kwa kichwa. Nilikuwepo.

Alipostaafu mpira alipata kazi ya kuendesha basi dogo la shule, akiwachukua watoto wenye ulemavu majumbani. Aliipenda kazi hiyo kuliko mpira. Kila jioni alilala kitandani mwake. Lakini asubuhi moja mwaka 2017 alisimamisha basi katikati ya barabara aliyopita kila siku, watoto wamo ndani, hajui aende wapi. Msaidizi wake akapiga simu, watoto wakafika salama. Clement hakuendesha tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Baada ya vipimo vingi daktari alitueleza kwamba ubongo wake unakufa polepole, na kwamba huenda ile mipira yote aliyoipiga kichwa imechangia. Ushma aliuliza kama kuna dawa. Daktari akamsogezea karatasi za kujifutia machozi, basi tukajua.

Mwaka 2020, akili yake ikiwa bado inakuja na kuondoka, alituita mimi na Ushma mezani. Alikuwa mzima kabisa siku hiyo, namwapia Mungu. Akasema, "Nimehamishwa maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Nikifa, msinihamishe. Nizikeni Barking, mahali ambapo Mwende anaweza kuja kwa basi." Ushma akaahidi. Mimi pia nikaahidi, nikijua ninayemwekea ahadi hiyo ana mama, na mama ana ardhi iliyokwisha kuonyeshwa mtu.

Nimetunza wagonjwa wa aina hiyo kwa miaka mingi, nikadhani nimezoea. Jamani, wa kwako humzoei. Kila asubuhi alifunga begi. Soksi, taulo, shati, viatu. Kisha anasimama mlangoni na koti lake, anasubiri basi la timu. Ukimwambia hakuna mechi anakasirika, ukimwambia imeahirishwa anakubali, kwa hiyo kwa miaka minne mechi iliahirishwa kila siku. Siku moja alitoka tusijue. Tulimtafuta Barking nzima, tukamkuta kwenye uwanja wa vijana wanaocheza mpira Jumapili, ameketi katika chumba chao cha kubadilishia nguo, amevua viatu, anangoja kocha aseme. Vijana wa watu hawakumfukuza. Walikuwa wamempa chai.

Kiingereza kilimtoka kwanza. Kiswahili cha mama, kile alichokikataa tangu utotoni, ndicho kilichobaki. Na Mwende, ambaye naye ametujibu Kiingereza tangu azaliwe, akaanza kuongea Kiswahili ili baba yake amsikie.

Clement aliaga dunia Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, kwa ugonjwa wa mapafu, nyumbani kwake. Ushma alikuwa upande mmoja wa kitanda, Mwende upande wa pili. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alikuwa mdogo mno, na nina hasira. Hilo nalisema wazi mbele ya mchungaji.

Nilimpigia Mwaitu, nikamweleza habari, kisha nikamweleza ahadi. "Mwanangu hawezi kulala kwa watu," akasema. "Nakuja kumchukua." Wazee wa ukoo walikwisha kuanza kufyeka majani pale kando ya baba. Nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea mama yangu nikimwogopa, mtu mzima mimi.

Tulipofika kwa Ushma, Mwaitu aliliona begi kando ya mlango. "Hili la nani?"

Mwende ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. "La Baba, Nyanya. Alilifunga kila siku. Usiku ananiuliza, 'Hapa ni wapi?' Namwambia, 'Nyumbani.' Ananiuliza, 'Kwa muda gani?'"

"Nawe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Moja kwa moja, Baba.' Hapo anavua koti. Lakini kesho anasahau, anauliza tena. Hata usiku wa mwisho aliniuliza. Nilimwambia hivyo hivyo."

Mwaitu aliketi sakafuni, palepale mlangoni, na magoti yake yale. Alifungua zipu. Alitoa soksi, taulo, shati, akikunja upya kila kimoja kwenye mapaja, akimpa Mwende akaweke kabatini. Alipofika kwenye viatu alivishika tu. Hakulia bado. "Huyu mtoto amempa baba yake neno," alisema. "Mimi nitamfanya mwongo? Nani atakwenda kumwambia Musyimi kwamba anaondoka tena? Mimi siwezi." Ndipo akalia, nasi tukalia naye. Baadaye aliniomba simu, akawaambia wazee wa Mwala waache kufyeka. Walibishana naye. Niliusikia ukali wao. Aliwaambia, "Nilisema analala kwa watu. Nimekuja nikaona. Hapa ni kwake."

Basi hilo ndilo jibu, wenzangu, na asinong'one mtu tena.

Marehemu amemwacha mjane, Ushma. Binti yake, Mwende. Baba mkwe, Mzee Praful, aliyefunga duka wiki nzima, jambo ambalo Barking haijawahi kuliona. Dada yake, yaani mimi. Na wale vijana wa timu ya Jumapili ambao waliomba kubeba jeneza, nao watalibeba. Amemwacha pia mama yake, Adelina Mwende, mwenye miaka themanini na moja, ambaye atarudi Mwala Alhamisi bila mwanawe, na atalala kando ya mumewe siku yake itakapofika, upande mmoja ukiwa wazi.

Clement, ndugu yangu, mechi hazipo tena. Begi tumelifungua, nguo ziko kabatini. Hapa ni nyumbani. Pumzika kwa amani, na ukiuliza kwa muda gani, binti yako alikwisha kukujibu: moja kwa moja.