Bouziane Meftahi na Kopo la Halua Lililobana Gitaa

Tarehe 30 Juni, Bouziane Meftahi, fundi sauti wa Nyumba ya Utamaduni ya El Wiam hapa Bechar, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kazini, wala kumsikia akikiri kwamba amekosea.

Aliajiriwa kupanga viti. Alihamishiwa kwenye sauti kwa sababu kila penye tamasha alikuwa akisimama nyuma ya fundi wa zamani na kumkosoa kwa sauti iliyofika mpaka safu ya mwisho. Siku moja fundi yule alimvalisha vipokea sauti kichwani, akaenda zake kunywa chai, na hakurudi.

Mwaka lilipoingia gitaa letu la kwanza la umeme, Si Bouziane, yaani Bwana Bouziane kama tunavyomwita hapa, aliomba anunuliwe kompresa. Kwa wapiga gitaa, hicho ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu: hushusha sauti iliyozidi na kuinua iliyo hafifu, ili kila noti isikike vizuri. Bohari haikuwa na mpiga gitaa hata mmoja. Ikamletea mashine ya kujazia matairi upepo, yenye magurudumu na mpira mrefu. Alikuwa ameshatamba mji mzima kwamba kompresa yake iko njiani, kwa hiyo aliipokea kwa tabasamu la mtu aliyepata alichokitaka. Mpaka leo tunajazia magari yetu upepo bure, na kwa hilo tunamshukuru rasmi.

Ndipo alipoamua kutengeneza ya kwake. Alipewa kile chumba cha chini ya ngazi, akakijaza redio mbovu, waya na moshi wa kulehemu. Kompresa yake ya kwanza aliijenga ndani ya kopo la halua, na kitufe cha kuongezea sauti kilikuwa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Ilifanya kazi. Tatizo ni kwamba Si Bouziane hakuweza kuacha kitu kinachofanya kazi kiendelee kufanya kazi. Kila wiki alilifungua lile kopo akabadilisha kitu. Mara likaunguruma kama ngamia mwenye kinyongo. Mara likanasa redio, na katikati ya wimbo wa harusi mtangazaji akaanza kusoma bei za kondoo kupitia gitaa. Bwana harusi alidhani wakwe zake wanampiga fumbo, na ilibidi wazee wakae naye pembeni.

Aliyeumia zaidi ni Lalla (yaani Bibi) Mbarka Tahiri, mpiga gitaa na kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama. Mkono wake tunaujua: akipapasa nyuzi husikii kitu, akizikung'uta watoto wanalia. Bila kompresa, kikundi chake hakisikiki. Na kompresa yenyewe ni ile.

“We Bouziane,” alimwambia siku moja mbele yetu sote, “nimeolewa mara mbili, na hakuna mume aliyenikatiza maneno kama hili kopo lako.”

“Hao waume hawakuwa na transista, Lalla,” alijibu Si Bouziane, bila hata kuinua macho.

Kisha likaja tamasha la majira ya kuchipua, na wageni kutoka miji mingine waliokuwa wakichagua kikundi kimoja cha kwenda Oran. Kabla ya siku hiyo, mkurugenzi wetu Abdelouahab Zenasni alimwita Si Bouziane ofisini. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia kila neno.

“Kopo hilo likituaibisha tena, chumba chako nakifanya stoo ya viti. Umenielewa?”

“Safari hii litang'ara, Bwana Mkurugenzi.”

Neno hilo alilimaanisha. Ndani ya kompresa mna taa ndogo na kipande cha kuhisi mwanga: gitaa likipigwa kwa nguvu taa huwaka, na kile kipande kikiona mwanga hushusha sauti. Si Bouziane aliona ni dhuluma taa nzuri namna ile iwake bila kuonekana na wageni. Akatoboa kifuniko cha kopo, tundu la ukubwa wa njegere.

Onyesho lilikuwa uani, baada ya sala ya alasiri, jua likiwaka. Lalla Mbarka akakaa kitini, akakanyaga kopo, akapiga. Kimya. Akakung'uta. Tukasikia kitu kama nzi ndani ya chupa.

“Bouziane! Mdudu wako amelala!”

Alikimbilia jukwaani na gandura yake, kanzu pana nyeupe, ikipepea, akainama juu ya kopo. Gitaa likanguruma. Akainuka, akawapungia watu mkono kwa ushindi, akaondoka. Kimya. Akarudi, akainama. Gitaa likarudi. Watu wakaanza kupiga makofi wakidhani ni mchezo uliopangwa. Mkurugenzi alikuwa ameshafumba macho.

Tuliokuwa karibu tuliuona uso wa Si Bouziane wakati alipofahamu. Alilitazama jua, akalitazama tundu, akalitazama jua tena. Jua lote la Bechar lilikuwa linaingia ndani ya kopo, na kopo, kwa utii, lilikuwa linashusha sauti.

“Kaa hapo hapo!” Lalla Mbarka alifoka bila kuacha kupiga. “Ukisogea nakuvunjia hili gitaa kichwani!”

“Nisimame tu kama nguzo, Lalla? Watu wananitazama!”

“Basi cheza!”

Akacheza. Akaitanua gandura kwa mikono yote miwili kama hema, akayumba kulia na kushoto bila kuuondoa mwili wake mbele ya jua, na kila alipoteleza kidogo gitaa lilikatika, na yeye akaijaza ile nafasi kwa kupiga mguu chini. Akina mama wakapiga vigelegele. Wageni wakasimama. Mkurugenzi alifumbua jicho moja, kisha la pili, kisha akaanza kupiga makofi kuliko wote.

Kikundi kilichaguliwa, kwa sharti moja: mchezaji naye aende. Si Bouziane aliwaambia wageni kwamba lile tundu ni uvumbuzi wake na lilichukua miezi kulikamilisha. Viti vikapelekwa kwenye stoo nyingine.

Wiki iliyopita mkurugenzi alimwambia akitaka abaki na ufunguo wa chumba cha chini ya ngazi. Aliuchukua, akaushika kidogo, akaenda kumkabidhi Lalla Mbarka. Mama huyo, aliyemtukana miaka yote hii, aliuficha kifuani akageuzia uso ukutani.

“Nitajiunguza vidole,” alisema.

“Utajiunguza sana, Lalla. Anza na nyaya nyekundu.”

Jumatatu asubuhi tulimkuta Lalla Mbarka ameketi mlangoni mwa chumba kile, miwani puani, akikwangua waya mwekundu kwa kisu cha vitunguu.

Si Bouziane, ahsante kwa kila noti na kwa kila mlio ambao haukuwa noti. Nenda salama kwako Kenadsa, Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na chai isiyopoa. Na tunamwombea mkeo, Bi Kheira, subira, kwa sababu tunajua nyumbani kwenu kuna makopo.

Yamina Bouchikhi,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako