Njia ya Jepkoech

Sogeza kiti, Hillary, na wewe Roselyne zima hiyo redio, kwa sababu sina pumzi ya kusema jambo mara mbili. Shamba hili la Ndalu na ng'ombe waliomo nawaachia ninyi wawili, mgawane kama tulivyokubaliana mbele ya chifu. Lililobaki ni njia.

Jirani yetu Jepkoech hakuwa na pa kutokea ila kwetu. Tulipogawiwa mashamba, lake liliangukia nyuma ya letu, mtoni, nami nikamkatia njia katikati ya mahindi, nikamshika mkono tukaitembea kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, nikamwambia, "Hii ni yako mpaka siku nitakayokushika mkono tena nikupeleke kwingine." Akacheka. "Baba Hillary, usije ukasahau." Tangu hapo alipita kila alfajiri na mkebe wake wa maziwa, mshikio ukigongagonga, nasi tukaamka kwa mlio huo.

Kuhamishia njia kando ya mto si kosa, Hillary. Trekta inataka pa kugeukia, na hata mwanawe Kiplangat alikuwa amekubali. Lakini uliilima mwaka ule wa kura ya maamuzi, mimi na Jepkoech tukiwa tumelazwa Kitale, yeye hajaambiwa. Akafia huko. Kiplangat alipoleta jeneza alikuta seng'enge.

"Hillary, mama yuko kwa gari. Fungua."

"Ati nifungue na mbegu imeota? Si upitie kule chini, bana. Njia ni njia."

Wakampitisha njia ya mtoni, ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Mmeona yaliyofuata. Mahindi ya pale palipokuwa njia ya zamani huota vizuri kuliko ya kwingine, lakini yakifika kiunoni hulala mstari mmoja bila kuvunjika, asubuhi yakielekea barabarani, jioni yakielekea kwake. Roselyne, ulicheka ukasema ni ngiri. Ngiri hula, na pale hakuna bua lililotafunwa. Ng'ombe wakifika pale husimama na kungoja, kama wanaompisha mtu. Na mkebe tunausikia sote, msinitazame hivyo. Hillary, najua kwa nini ulihamishia kitanda upande wa jikoni. Kiplangat amenionyesha mkebe wenyewe. Unaning'inia kwake ukiwa na kutu, na mshikio uling'oka zamani.

Zamani mlio ulikuwa ukifika kwenye seng'enge unakoma, kisha unarudi ulikotoka. Wiki hii haurudi. Unakuja hapa dirishani.

Kwa hiyo nisikilizeni. Nikifa, msiharakishe kunizika. Ondoeni seng'enge, mnibebe kwa njia ya zamani mpaka mlangoni kwa Jepkoech, na mahindi myakanyage, msiyahurumie. Kiplangat afungue mlango. Msiseme neno, subirini kidogo, kisha mshuke kando ya mto, mfuate njia mpya hadi barabarani, Hillary ukitangulia. Asigeuke mtu. Mkisikia mkebe nyuma yenu, msigeuke. Jeneza likiwa zito kuliko lilipotoka hapa, badilishaneni mabega, mwendelee. Mkifika barabarani mtanirudisha nyumbani mnizike, na shamba litakuwa lenu lote, mlime mtakavyo.

Mkono wangu wa kulia msiufunge. Uacheni wazi.

Nipe maji, Roselyne. Kidogo tu. Basi.

Hillary, sina kinyongo nawe. Ulitaka shamba lizae, nami ndiye niliyekufundisha kutaka hivyo. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wasioogopa kulala chumba hiki, na mkipishana na Kiplangat pale mtoni, msalimiane. Msiache... kumsalimia.

Miguu imepoa. Roselyne, redio ulizima? Ulizima kweli? Basi sogeeni, msimzibie mlango.

Nimekusikia, Mama Kiplangat. Sijasahau. Ngoja... ngoja nivae viatu.