Mwalimu Luan Peizhen, Aliyesoma Alama kwa Sauti (1959–2024)

Jambo la kwanza ambalo kila mtu alilitambua kwa Mwalimu Luan Peizhen ni kwamba hakai. Kiti chake cha ofisini, ghorofa ya tatu ya Chuo cha Uhandisi cha Pamoja hapa Weifang, kilibeba mafurushi ya karatasi za mitihani tangu mwaka 2001, na mgeni aliyekitupia jicho aliambiwa, "Samahani, hicho kina kazi." Yeye mwenyewe alisimama dirishani na chupa yake ya maji ya moto, akahamia mlangoni, akarudi dirishani. Sisi tuliokuwa wanafunzi wake tulizoea kumwuliza maswali huku tukipanda naye ngazi, na jibu likifika kabla ya ghorofa ya pili, tulijua swali letu lilikuwa jepesi.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1959 katika kijiji cha Xiaogou, wilaya ya Anqiu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Luan Deshun, mfua vyuma, na bibi Zang Guilan. Miaka hiyo chakula kilikuwa haba. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo alikaa tu wakati wa kula viazi vitamu, tena mguu mmoja ukiwa nje ya kizingiti.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao na sekondari mjini Anqiu. Mwaka 1976 alijiunga na shule ya ufundi ya Weifang, darasa lenye wavulana arobaini na mmoja na wasichana watatu. Huko kila mwanafunzi alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akikwangue kwa mkono hadi pande zote sita ziwe sawa. Wengi walichukua mwezi. Peizhen alimaliza kwa siku kumi na moja, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akawamalizia wenzake wawili. Mwalimu alipogundua, alimwadhibu kwa kumpa kipande kikubwa zaidi. Kipande hicho mpaka leo kinakandamiza karatasi mezani kwake.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha pampu hapa mjini. Mwezi Mei 1983 walikuja mafundi wa Kijerumani kufunga mashine kubwa ya kukerezea vyuma, na kwa siku nne mashine hiyo ikawa inatetemeka bila mtu kujua sababu. Peizhen alikuwa miongoni mwa watazamaji. Aliweka kiganja sakafuni, akahama hatua tatu, akakiweka tena, kisha akaonyesha kwa kidole upande wa mashariki. Walipopima, msingi wa upande huo ulikuwa umetitia kwa unene wa kadi ya posta. Meneja mwezi uliofuata alimtuma mjini Jinan kujifunza Kijerumani kwa miezi kumi, na mwaka 1987 Peizhen akapata nafasi ya kusomea uhandisi katika mji mdogo wa Lindenhausen, kaskazini mwa Ujerumani, alikohitimu Julai 1990.

Tarehe 1 Oktoba 1984 marehemu alifunga ndoa na Bwana Gong Baotian, mpangaji wa safari za treni katika stesheni ya Weifang. Walijaliwa mtoto mmoja, Jinghai, aliyezaliwa mwaka 1985. Haitakuwa haki kuficha kwamba miaka mitatu ya Ujerumani iliigharimu nyumba hiyo. Peizhen aliporudi, mtoto alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," kwa adabu kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni. Peizhen aliitikia salamu, akatoka uani, akanawa uso, akarudi. Mwaka mzima alimpeleka mtoto huyo shuleni kwa miguu, asubuhi na jioni, ingawa basi lilipita mlangoni. Bwana Gong alipenda kuwaambia majirani kwamba yeye kazini anapanga treni mia moja na ishirini kwa siku, lakini iliyo nyumbani kwake ndiyo hajawahi kujua ratiba yake. "Mama Jinghai, kaa basi," alikuwa akimwambia wakati wa chakula. "Hata maandazi yanakaa, tena yanakaa kwenye mvuke." Naye alijibu, "Ndiyo maana yanaliwa."

Kazi ambayo Weifang nzima inamjua nayo ilianza Septemba 2001, chuo chetu kilipoanzishwa na vyuo vikuu viwili, kimoja cha hapa na kingine cha Lindenhausen. Mpango wake unajulikana: mwaka wa kwanza ni Kijerumani kutwa, kisha maprofesa wanakuja kwa zamu za wiki mbili mbili, asubuhi wanafundisha kwa lugha yao, alasiri msaidizi wa Kichina anarudia somo lile lile, na mwishoni mwanafunzi anaondoka na shahada mbili, vyeti viwili, mihuri miwili. Marehemu aliteuliwa kuwa mratibu. Kazi yake, kwa maneno yake, ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachotoka upande mmoja kinafika upande wa pili kikiwa kile kile.

Mara moja hakikufika, na kosa lilikuwa lake. Wajerumani huhesabu alama kama wakimbiaji: wa kwanza ndiye bora, na wa nne ameponea chupuchupu. Sisi huhesabu kama wavunaji: anayerudi na nyingi ndiye bora. Juni 2005, darasa la kwanza lilipohitimu, orodha ilifika kutoka Lindenhausen siku ya mwisho, na yeye katika haraka zake akaipeleka ilivyo kwa kamati ya zawadi. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi wote, aliyeitwa jukwaani kuvishwa ua jekundu alikuwa Qu Dachuan, mwenye nne kamili. Xin Guangpu, aliyepata moja kamili, jina lake lilisomwa la mwisho. Mama yake alimshika mkono, wakaondoka kabla ya picha.

Mwalimu Luan alilitambua kosa akiwa amesimama palepale, Dachuan angali anapigiwa makofi. Kesho yake alipanda basi hadi Linqu, kwa akina Xin, akasimama mlangoni na orodha mkononi. Walimkaribisha ndani mara tatu. Alisema hataingia mpaka amalize kueleza, na akaeleza mbele ya majirani, kwa sauti, kwa sababu aibu ilikuwa imetokea mbele ya watu. Baba yake Guangpu, mkulima wa matunda, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo huko kwa Wajerumani, mimi niliyevuna kidogo kuliko wote kijijini ndiye tajiri?" Ndipo walipocheka, na ndipo alipoingia. Dachuan naye alikuwa amekwisha kulirudisha ua. Alipoulizwa kwa nini alilipokea, alisema, "Mwalimu, nilidhani mmenionea huruma."

Kutokana na siku hiyo ilizaliwa desturi ambayo kila aliyesoma chuoni kwetu anaijua. Hakuna alama iliyoingia katika rejista bila kusomwa kwa sauti na watu wawili. Mmoja anasoma ya Kijerumani, mwingine anajibu kwa ya Kichina, kisha wote wawili wanatia sahihi katika daftari la bluu. Madaftari hayo yalifika kumi na tisa. Maprofesa vijana waliona ni kupoteza muda, kompyuta zipo. Yeye aliwaambia kompyuta haioni haya, na kuendelea kusoma. Alistaafu rasmi Februari 2014, akapewa saa ya ukutani na kushikwa mkono, na Jumatatu iliyofuata akaonekana dirishani. Chuo kikamwajiri upya kwa mkataba. Msaidizi wake alikuwa Qu Dachuan, yule yule wa nne kamili.

Tarehe 6 Novemba 2023, baada ya miezi kadhaa ya maumivu ya tumbo aliyoyaita "gesi tu", marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipokea matibabu kwa ujasiri, ingawa wauguzi watakubali kwamba hakuwa mgonjwa mwepesi. Alitembea korido akiwa na chupa ya dripu mkononi.

Mwezi Machi mwaka huu ilikuja habari iliyomsumbua kuliko ugonjwa. Kamati ya Ujerumani inayotoa ithibati ya shahada ya pamoja ilitaka uthibitisho kwamba alama za miaka mitano iliyopita zinalingana pande zote mbili. Lindenhausen walikuwa wamebadilisha mfumo wao wa kompyuta, na rekodi za miaka ambayo maprofesa walifundisha kupitia skrini hazikupatikana zote. Bila uthibitisho hakuna ithibati. Bila ithibati, wanafunzi thelathini na mmoja wanaohitimu mwezi huu wataondoka na cheti kimoja, na cha pili, walichokisomea miaka minne, hakitakuwepo.

Mwalimu Luan aliagiza madaftari ya bluu yaletwe hospitalini. Kila alasiri, kuanzia tarehe 2 Aprili, Dachuan alishika rejista na yeye akashika daftari, nao wakasoma upya alama zote, elfu mbili mia nne na kumi na mbili. Bibi wa kitanda cha pili aliuliza siku ya kwanza kama wanacheza bahati nasibu. Baada ya wiki alikuwa amejua hesabu. Akisikia "moja nukta tatu" alitikisa kichwa kwa kuridhika, na akisikia "nne" aliuliza, "Huyo amepona?" Dachuan akimjibu kwamba amepona, alisema, "Basi mwacheni apumzike." Mwalimu hakupumzika. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye ukingo wa kitanda, hadi mwishoni mwa Mei miguu ilipomkatalia. Hapo akasoma amelala, akilalamika kwamba namba hazisomeki vizuri mtu akiwa chali.

Tarehe 9 Juni walifika ukurasa wa mwisho, na katika ukurasa huo alama moja haikulingana. Daftari lilisema mbili nukta saba. Rejista ilisema tisini na mbili, badala ya sabini na tatu. Ilikuwa imeingizwa Desemba 2022, wiki ambayo mji mzima ulikuwa na homa, na chini yake ilikuwapo sahihi ya Mwalimu Luan mwenyewe.

Bwana Gong, aliyekuwa akimenya figili kando ya kitanda, anasimulia kwamba walizisoma tena alama zote mbili kwa sauti. Kisha Dachuan akasema kwa sauti ya chini kwamba ni moja kati ya elfu mbili na ushee, kwamba Wajerumani hawana rekodi ya kuilinganisha, na kwamba kamati ikiona kosa hata moja inaweza kuyakataa madaftari yote, na watoto thelathini na mmoja watalipia.

"Dachuan," marehemu alisema, "wewe ulishavikwa ua lisilo lako. Siku ile ulilala?"

"Sikulala, Mwalimu."

"Na ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi nina sitini na tano. Unataka nisilale muda gani?"

Dachuan alichukua kalamu.

"Andika kwamba kosa ni langu," marehemu alisema. "Andika na tarehe. Halafu nisomee kwa sauti."

Barua ilisomwa mara mbili, kwa Kijerumani na kwa Kichina, na bibi wa kitanda cha pili akaomba ya Kichina irudiwe. Mwanafunzi mwenye alama hiyo, ambaye ametuomba tuliseme jambo hili, alipigiwa simu jioni ile ile, akakubali ishushwe. Barua na nakala za madaftari zilitumwa Jumatatu tarehe 10 Juni, siku ya sikukuu ya mashua za joka. Marehemu alionja kipande kidogo cha wali uliofungwa kwa majani, akamwuliza mumewe barua imefika wapi. Bwana Gong, aliyepanga safari maisha yake yote, alimjibu, "Imeshaondoka stesheni, Mama Jinghai. Sasa ni kusubiri tu." Marehemu akasema kusubiri ndiko asikokuweza.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mumewe na mwanawe wakiwa pembeni. Jinghai alikuwa amemshika miguu yote miwili, kwa sababu, alisema, ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

Marehemu ameacha mume, Bwana Gong Baotian, mwana, Gong Jinghai, na mkewe Teng Yarong, mjukuu mmoja, Gong Miaoran, ambaye walimu wa chekechea wanasema hakai, kaka mmoja na dada wawili, wapwa saba, wahitimu elfu moja mia moja na sitini wa madarasa kumi na tisa, na wale thelathini na mmoja wa darasa la ishirini waliosimama nyuma, humu ukumbini, tangu asubuhi, ijapokuwa viti vimepangwa.

Apumzike sasa, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akipumzika, na ardhi ya Anqiu impokee kwa upole.

Kamati inakutana kesho, Ijumaa, saa nne asubuhi kwa saa za Ujerumani, yaani saa kumi alasiri kwa saa zetu. Mwalimu Qu Dachuan atakuwa ghorofa ya tatu, kando ya simu, na kile kiti hakitaondolewa mafurushi yake. Jibu likifika, vyovyote litakavyokuwa, litasomwa ngazini kwa sauti, na watu wawili, kwa lugha zote mbili. Familia inawaomba wote wenye nafasi wafike mapema.